Wazazi Tusiwafundishe Watoto Kuficha Alama

Simu iliyoniamsha saa tisa za usiku mwezi uliopita haikuwa ya msiba, ingawa kwa jinsi sauti ya aliyenipigia ilivyokuwa ikitetemeka, nilidhani ni tanzia. Aliyepiga alikuwa binti wa ndugu yangu mdogo, anayeishi jimbo la Minnesota nchini Marekani, ambako amekwisha kuhitimu shahada ya kwanza na sasa anataka kusomea sheria. Baada ya kuniamkia na mimi kumwitikia, alinieleza shida yake kwa maneno machache. Alikuwa amefanya mtihani wa kuingilia shule ya sheria, alama zilikuwa zimetoka chini ya alivyotarajia, na alikuwa na muda wa siku sita tu kuamua kama azifute zisionwe na mtu yeyote, au aziache zipelekwe vyuoni zikiwa na jina lake.

Siku mbili kati ya hizo sita zilikuwa zimekwisha kupotea katika mabishano baina yake na baba yake. "Baba mkubwa," aliniambia, "baba ataka nizifute, na nikiulizwa niseme nilikuwa mgonjwa. Nami sikuwa mgonjwa."

Tangu usiku ule nimekuwa nikilitafakari jambo hili, na nimeona si siri ya nyumba yetu peke yetu. Wakenya wengi wana watoto, wadogo zao na wapwa wao wanaosoma ughaibuni, na wengi zaidi wana watoto papa hapa wanaongojea matokeo ya mtihani mmoja au mwingine. Swali la mtu aitendeje alama iliyomvunja moyo ni swali la kila mlango.

Kwa faida ya wasomaji ambao hawajapata kuusikia mtihani huo, yafaa nieleze kwanza. Nchini Marekani mtu haanzi kusomea sheria mara tu atokapo sekondari kama ilivyo desturi kwetu. Sharti kwanza apate shahada ya fani nyingine yoyote, ndipo aombe nafasi katika shule ya sheria, ambako aghalabu husoma kwa miaka mitatu. Pamoja na matokeo yake ya chuo, barua za wahadhiri na insha ya kujieleza, shule hizo hutazama alama za mtihani uitwao LSAT, ambao ulianza kufanywa mwaka wa 1948. Mtihani huo hauulizi sheria hata kidogo. Hupima jinsi mtahiniwa anavyosoma habari nzito akaielewa, na jinsi anavyoweza kuipambanua hoja iliyo sawa na hoja iliyopotoka. Alama ya chini kabisa ni 120 na ya juu kabisa ni 180.

Binti yetu alipata 154. Si alama ya aibu, kwani yakaribiana na katikati ya watahiniwa wote. Lakini katika majaribio aliyoyafanya nyumbani kwa miezi mitano, alikuwa akipata 158, 159, na mara mbili alifika 160. Shule aliyoitamani kuliko zote ilikuwa na alama ya kati ya 158. Kwa baba yake, hesabu ilikuwa imekwisha pale pale: mtoto ameanguka, na jambo lililobaki ni kufukia shimo kabla majirani hawajaliona.

Kabla sijamhukumu ndugu yangu, hapana budi nikiri kwamba maneno yake hayakuwa mageni masikioni mwangu. Mwaka wa 1974 niliufanya mtihani wa darasa la saba, ule uliojulikana kama CPE, na sikupata nafasi ya kwenda sekondari. Marehemu baba yetu, aliyekuwa mtu wa heshima kijijini, hakuweza kulistahimili jambo hilo. Aliwaambia watu kuwa nilishikwa na homa kali siku ya mtihani, kisha akanipeleka kwa shangazi yangu katika wilaya nyingine, ambako nililirudia darasa kana kwamba sikupata kulisoma. Mwaka wa pili nilifaulu. Lakini kila niliporejea nyumbani kwa likizo, wazee waliniuliza kwa huruma kama homa imenitoka, nami niliwajibu kwamba alhamdulillahi nimepona.

Watu wakinisikia nikisimulia kisa hiki hudhani nitasema kwamba uongo ule ulinifaa, madhali hatimaye nilifaulu. La hasha. Kilichoniangusha mara ya kwanza kilikuwa ni hesabu, na kwa kuwa nyumbani palikuwa pamekubaliwa kwamba niliangushwa na homa, hakuna aliyeketi nami kunionyesha nilipokosea. Mara ya pili nilipita kwa kukariri. Kidato cha kwanza hesabu zilinikuta pale pale ziliponiacha, na zilinisumbua hadi nilipomaliza shule. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humfichua, nami ni shahidi wao.

Kwa hiyo nilimwambia binti yetu tuziweke kando hisia na kwanza tuzitazame kanuni za mtihani wenyewe, kwani wengi huamua kwa haya au kwa hofu jambo ambalo lingeamuliwa kwa kusoma karatasi. Mtahiniwa aliyelipa ada ya ziada huruhusiwa kuiona alama yake kwanza, kisha hupewa siku sita za kuamua kama ataiweka au ataifuta. Asiposema neno, alama hiyo inakuwa rasmi. Akiifuta, shule hazitaiona alama yenyewe, lakini katika taarifa yake zitaona kwamba siku fulani alifanya mtihani na akaufuta kwa hiari yake. Isitoshe, mtihani uliofutwa huhesabiwa pamoja na mingine, ilhali mtu haruhusiwi kuufanya mtihani huo zaidi ya mara tano katika kipindi cha miaka mitano, wala zaidi ya mara saba maishani.

Kanuni ya pili ni kwamba mwombaji hana uhuru wa kuchagua alama ya kupeleka na ya kuacha. Alama zake zote za miaka hiyo mitano hupelekwa pamoja. Hata akiamua kuomba kwa mtihani mwingine wa GRE, ambao shule nyingi za sheria za Marekani sasa huukubali, alama zake za LSAT zilizo hai zitaandamana naye kama kivuli.

Kanuni ya tatu ndiyo inayosahauliwa na wengi. Zamani shule hizo zilitakiwa kutoa ripoti kwa kutumia wastani wa alama za mwanafunzi aliyerudia mtihani. Mwaka wa 2006 Chama cha Mawakili cha Marekani, ambacho ndicho kinachozisimamia shule hizo, kiliibadilisha kanuni, na tangu hapo kinachoripotiwa ni alama iliyo ya juu kuliko zote. Maana yake ni kwamba shule haipati hasara katika takwimu zake kwa kumchukua mwanafunzi aliyepata 154 mara ya kwanza na 159 mara ya pili. Wapo wakuu wa usajili watakaoziangalia zote mbili na kutaka kujua kulikoni, na wana haki hiyo, lakini alama ya kwanza haiivuti ya pili chini kama jiwe shingoni.

Ukizikusanya kanuni hizo tatu, utaona kwamba ushauri wa kufuta haukuwa na faida aliyoifikiria ndugu yangu. Akiiweka 154 kisha akafanya vyema zaidi, itakayotangulia mbele ni ile bora. Akiiweka na mara ya pili asifanye vyema, walau anayo akiba mkononi ambayo yaweza kumfungulia mlango wa shule nyingine. Akiifuta kisha mara ya pili akapata 151, atakuwa ameitupa bakora yake mwenyewe katikati ya safari. Na katika hali zote, palipofutwa patabaki na kovu, na kila atakayelisoma kovu hilo ana uhuru wa kukisia jeraha lilikuwa kubwa kiasi gani. Sioni kwa nini mtu awaachie wengine wakisie 140 ilhali yeye ana 154.

Wala sisemi kwamba kufuta ni haramu. Mtahiniwa akiugua kweli katikati ya mtihani, au akigundua alipoteza nusu ya sehemu moja kwa sababu isiyohusiana na uwezo wake, au alama ikitoka chini sana kiasi kwamba haifanani hata kidogo na yote aliyokuwa akiyapata, kufuta kwaweza kuwa busara. Jambo ninalolipinga ni kufuta kwa sababu ya haya, wakati hesabu yasema vingine.

Sasa tuitazame ile alama ya kati ya 158, iliyomfanya ndugu yangu aone mlango umefungwa. Hapa ndipo nilipotambua kwamba ingawa mtoto yuko Marekani, baba yake angali anasoma matokeo kwa macho ya Kenya. Sisi tumelelewa na mitihani yenye ukingo. Alama ya C+ katika KCSE ndiyo kiwango cha chini cha kusomea shahada, na mwenye C ya kawaida huambiwa atafute njia nyingine. Kila kozi ina pointi zake, na aliyepungukiwa hata kidogo hubaki nje akichungulia. Mtu aliyezoea hivyo akisikia "158", hudhani ni ukingo.

Alama ya kati si ukingo. Maana yake ni kwamba ukiwapanga wanafunzi wote waliosajiliwa mwaka huo kwa alama zao, yule wa katikati alikuwa na 158. Wengi walioketi chini yake walipata pungufu, na wote walisajiliwa. Shule za Marekani hutakiwa kutangaza kila mwaka alama ya kati, na pia alama ya robo ya juu na ya robo ya chini. Mwombaji mwenye busara huzisoma zote tatu. Binti yetu alipoitazama shule ile tena, alikuta alama ya robo ya chini ilikuwa 154, yaani karibu mmoja kati ya kila wanafunzi wanne alikuwa na alama kama yake au pungufu. Mlango haukuwa umefungwa, ila ulikuwa mwembamba. Na palikuwa na shule nyingine mbili ambamo 154 ilikuwa juu ya alama ya kati, na ambamo angeweza kupunguziwa karo, kwa kuwa shule hizo hutumia misaada ya karo kuwavutia wenye alama za kuzinyanyua takwimu zao.

Hilo la karo si dogo. Wanafunzi wengi wa sheria nchini Marekani hutoka shuleni wakiwa na mikopo inayowalazimu kuchagua kazi kwa ajili ya deni, si kwa ajili ya wito. Kijana anayetaka kuwatetea wahamiaji au maskini, kama anavyotaka binti yetu, atafika mbali zaidi akitoka katika shule ya jina dogo bila deni zito, kuliko akitoka katika shule ya jina kubwa akiwa amefungwa minyororo ya benki. Alama chache zaidi zaweza kupunguza karo kwa kiasi kikubwa, na hiyo ndiyo sababu ya maana ya kuurudia mtihani. Kuurudia ili jirani asicheke si sababu ya kulipia zaidi ya dola 200 kwa kila mara.

Alama zenyewe nazo, tusizisujudie. Baraza linalouendesha mtihani huo, LSAC, huiambatanisha kila alama na ukanda wa takriban alama tatu juu na tatu chini, kwa kukubali kwamba mtu yule yule akifanya siku nyingine aweza kupata tofauti kidogo. Aidha, kwa miaka mingi mtihani ulikuwa na sehemu ya mafumbo ya kupanga watu na vitu, ambayo wengi waliyajibu kwa kuchora michoro. Watahiniwa wawili wasioona walikwenda mahakamani, na kufuatia mapatano ya mwaka wa 2019 baraza hilo lilikubali kutafuta njia nyingine. Mnamo Agosti 2024 sehemu hiyo iliondolewa kabisa. Kwa miongo kadhaa wapo walioambiwa kwamba hawana akili ya sheria kwa sababu ya mafumbo ambayo leo hayamo tena. Mtihani ni kazi ya binadamu, hurekebishwa kama kanzu.

Ndugu yangu nilipompigia simu, hakukubali upesi. Aliniuliza swali ambalo wasomaji wengi pia wataliuliza: kwani hao wakubwa wenyewe hawafichi? Nilimwambia kwamba wamepata kuficha, na kwamba hapo ndipo penye funzo. Mwaka wa 2011 shule ya sheria ya Villanova ilikaripiwa hadharani na Chama cha Mawakili cha Marekani kwa kutoa takwimu za uongo kuhusu alama za wanafunzi wake iliowasajili. Mwaka uliofuata, shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Illinois ilikaripiwa pia na kutozwa faini ya dola 250,000 kwa kosa la namna hiyo hiyo. Walikuwa wataalamu wa sheria, wenye mishahara na majina, nao walishindwa na kishawishi kile kile cha kuing'arisha namba ili wasionekane wadogo machoni pa wenzao. Ikiwa namba yaweza kuwapotosha walimu wa sheria, itamfanyaje kijana wa miaka 23 anayesukumwa na baba yake mzazi?

Hapa nafika kwenye shauri la kuandika kwamba alikuwa mgonjwa. Fomu za shule za sheria huruhusu maelezo mafupi ya nyongeza, ambamo mwombaji aweza kueleza kwa nini alama zake zimetofautiana. Ndugu yangu aliona hiyo kuwa nafasi ya kupitisha homa, kama ile aliyopitisha baba yetu. Lakini mambo hayaishii shuleni. Nchini Marekani, aliyemaliza shule ya sheria na kufaulu mtihani wa uwakili huchunguzwa tabia yake kabla ya kuapishwa, na wanaomchunguza huweza kuifungua fomu yake ya maombi ya miaka iliyopita na kuilinganisha na maneno yake. Uongo mdogo ulioandikwa kwa ajili ya alama nne waweza kumzuilia kazi mtu aliyekwisha kusoma miaka mitatu na kukopa kwa ajili yake. Uwakili ni kazi ya kuaminiwa na fedha za watu, siri za watu na uhuru wa watu. Atakayeianza kwa homa ya kubuni ameianza vibaya.

Maelezo ya nyongeza yana matumizi yake ya haki. Mwombaji akipanda kwa alama nyingi kati ya mtihani wa kwanza na wa pili, ni vyema aeleze kwa sentensi tatu au nne alibadilisha nini: alisoma vipi, alipumzika vipi, kulikuwa na tatizo gani lenye ushahidi. Asilie, asiwalaumu wasimamizi, asijisifu. Na kama hana sababu ya kweli ya kueleza, anyamaze. Kunyamaza si kudanganya, na msomaji wa fomu elfu moja humshukuru asiyempotezea wakati.

Ni lazima nimtendee ndugu yangu haki, kwani alikuwa na hoja moja nzito. Aliniambia hivi: "Kaka, wewe uko Mombasa, hujui. Huko mtoto mweusi mwenye jina la Kiafrika hapewi nafasi ya pili ya kujieleza. Alama ndogo ni kisingizio tu wanachokingojea." Sikuweza kumpuuza, maana miaka tisa aliyoishi huko si yangu mimi. Najua pia kwamba matayarisho ya mtihani huo huuzwa ghali, na kwamba mwenye fedha hununua mwalimu ilhali asiye nazo husoma usiku baada ya kazi, kama alivyosoma binti huyu akitoka kuwahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Dhuluma hiyo ipo, na namba haiionyeshi.

Lakini hoja hiyo, ukiifuata hadi mwisho wake, haikuongozi kwenye kufuta wala kudanganya. Ikiwa kweli wapo wanaomngojea ateleze, basi uongo utakaogunduliwa ni zawadi kubwa zaidi kwao kuliko alama ya 154. Na ikiwa namba haiionyeshi kazi aliyoifanya, basi aionyeshe yeye mwenyewe: katika insha yake, katika barua ya msimamizi wake kazini, katika matokeo yake mazuri ya chuo cha kwanza. Alama ni shahidi mmoja katika kesi. Shahidi asiyependeza wakili hamfichi uvunguni. Humleta mbele, humwuliza maswali, kisha huwaita na mashahidi wengine.

Nasi hapa nyumbani tusidhani tumesalimika. Sheria ya mwaka 2012 inayohusu Shule ya Sheria ya Kenya ilitaja wastani wa C+ katika KCSE, pamoja na B ya Kiingereza au ya Kiswahili, na mabishano kuhusu ni nani hasa anayefungwa na masharti hayo yamefikishwa mahakamani zaidi ya mara moja na watu ambao tayari walikuwa na shahada za sheria mikononi. Hebu fikiri: mtu mzima mwenye shahada anaulizwa juu ya karatasi aliyoifanya akiwa na miaka 18. Wakati wa kuyajua masharti kama hayo ni kabla ya kulipa karo ya mwaka wa kwanza, na mzazi aliyezoea kuficha matokeo ya mtoto hawezi kumsaidia kuyajua, kwa sababu hapendi hata yatajwe. Mahali ambapo alama haizungumzwi, hapana anayeweza kupanga safari.

Siku ya tano, saa moja kabla sijaenda kulala, binti yetu alinipigia tena. Alikuwa ameketi na karatasi zake akajiuliza ni wapi hasa zilipotea zile alama nne, na kumbukumbu yake ilimwambia ni katika sehemu ya kusoma habari, ambamo alikwama katika habari ya kwanza na kuiacha ya mwisho bila kuimaliza. Hilo ni jambo la kufanyiwa kazi, na homa ya uongo isingelimwonyesha. Aliamua kuiacha 154 isimame. Ataufanya mtihani mara moja zaidi, baada ya miezi mitatu ya kujizoeza habari ndefu kwa saa mkononi, na hata akipanda au asipande ataomba nafasi mwaka huu huu, katika shule tano, mbili kati yake zikiwa zile zinazoweza kumpunguzia karo. Hataandika maelezo ya nyongeza ila alama zikitofautiana sana.

Nilimwuliza baba yake amesemaje. Alicheka kidogo, akasema: "Amekasirika, baba mkubwa, lakini amenilipia mtihani wa pili."

Sijui atapata ngapi, wala makala haya hayahitaji nijue. Ninalolijua ni kwamba atakapoulizwa, atakuwa na jibu moja tu, na halitabadilika kati ya fomu, mahojiano na kiapo. Wazazi wenzangu, siku matokeo yatakapoingia nyumbani mwetu, yawe ya KCSE au ya ng'ambo, tuyasome pamoja na mwenye kuyapata kabla hatujafikiria majirani. Tumwulize alikwama wapi, tumsaidie kuzisoma kanuni, kisha tumwachie yeye uamuzi, kwa kuwa jina lililoandikwa juu ya karatasi ni lake. Baba yetu alinipenda, sina shaka na hilo. Lakini nina miaka zaidi ya sitini sasa, na mzee mmoja wa kijiji chetu aliyebaki hai angali akinikuta huniuliza kama ile homa ilinitoka.